Kondoo Tusiyemla

Baba yangu ndiye aliyeharibu mambo, na aliyaharibu kwa mdomo uliojaa ugali wa muhogo.

Wakwe walikuwa wamekuja kutoka Bwera, watu saba wenye makoti mazito kana kwamba wanakwenda kuapishwa bungeni. Walikuja kumtazama binti yangu na kuitazama nyumba atokako. Nyumba yenyewe ni ile ile ya mgodi, hapa Kilembe, vyumba viwili na baraza. Wiki ile niliipaka chokaa mara nne, mpaka jirani akaniambia sasa inaonekana kutoka Kongo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kijana ni mwalimu wa shule ya msingi, binti yangu ni fundi wa kushona mjini Kasese, wamependana miaka mitatu, na hakuna upande uliokuwa na neno. Tulikuwa tumefika kwenye chakula. Msemaji wao, baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia ambayo hakuivua hata wakati wa sala, akamsifu mbuzi wetu. Baba, kwa kutaka tu mazungumzo yasife, akasema:

"Hapa kwetu ni mbuzi na kuku. Kondoo hatukulangi. Toka mzee wangu, kondoo haijaingia kwa hii nyumba."

Yule baba mkubwa akaweka mfupa chini.

"Hata sisi hatukulangi," akasema.

Nilisikia mto Nyamwamba ukipita nyuma ya nyumba, na sikuwa nimeusikia tangu asubuhi.

Mtu wa milimani hahitaji kuelezwa. Asiye wa milimani namweleza hivi: kila ukoo una kitu chake usichokula, na watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama undugu wao ni wa kutafutwa kwa kurunzi. Koo mbili tatu zinaweza kuwa na mwiko unaofanana, kwa hiyo jambo lilikuwa halijaharibika kabisa. Ilitakiwa jibu moja tu.

"Ninyi ni ukoo gani?" akauliza baba mkubwa.

"Sisi ni watu wa Kilembe," akajibu baba.

Wakacheka wote saba, wakidhani ni mzaha wa wazee. Baba hakucheka. Wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Mzee, Kilembe ni mgodi. Mutu anawezaje kuwa ukoo ya mgodi?"

Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Nina miaka hamsini na mitatu na siku ile ndiyo niligundua kwamba sijui mimi ni wa ukoo gani. Hapa kambini hakuna aliyewahi kuniuliza. Tumekua mlango kwa mlango na watu waliotoka kila upande, wenyewe kwa wenyewe tukizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyotutosha wote. Mtu ulimjua kwa namba ya nyumba na kwa kikohozi cha baba yake.

Wale wazee hawakutukana wala kupiga meza. Baba mkubwa alisema tu kwamba hawajakataa, ila hawawezi kuendelea, na tukijua tuwaambie. Nikamwomba atutajie ukoo wao walau tujue tunakimbia nini. Akatikisa kofia.

"Hapana, mukwe. Tukitaja yetu, nyinyi mutachagua ingine."

Wakapanda gari lao wakaondoka. Binti yangu akakusanya sahani, akaziosha, akazipanga kabatini, ndipo akaja kusimama mbele yangu.

"Baba, si wewe ulipata alama ya juu katika historia? Basi tafuta."

Hapo alinipata. Cheti changu cha sekondari nilikipata nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na wanafunzi walioniita babu, na tangu siku hiyo nimekitaja katika kila harusi, kila msiba na kila foleni ya zahanati. Najua wafalme wa nchi ambazo sitazikanyaga. Babu yangu mwenyewe sikujua alitoka wapi.

*

Nilianza na baba, kwa kuwa ndiye wa karibu. Kumhoji baba yangu ni sawa na kukamua jiwe, ila jiwe halikuulizi kwa nini unauliza.

"Mzee alitoka wapi?"

"Alitoka kazini."

"Kabla ya kazi."

"Kabla ya kazi mimi sikuwako."

Nilichopata baada ya siku mbili ni hiki. Babu alikuja wakati mgodi ni wa wazungu. Aliingia ndani ya mlima miaka thelathini kuchimba shaba. Alitoka, alioga, alikula, alikohoa, alilala. Kwao hakupataja. Marehemu bibi alipomuuliza, alijibu, "Nyuma ya mlima," na mlima huu wetu, ukiuzunguka wote, una nyuma nyingi. Alizungumza Kiswahili cha upande wa Kongo, cha "mutu" badala ya mtu na "beko" badala ya wako, lakini nusu ya kambi ilizungumza hivyo. Vitu vyake vilikuwa katika sanduku la bati, na mto ulipofurika ulichukua jiko letu, sanduku, na msalaba wa kaburi lake, ukavipeleka vyote ziwani bila kutuuliza. Kilichobaki ni kipande chake cha mgodi, bati dogo la mviringo lenye tundu na namba, kwa sababu baba alikuwa amekitundika msumarini kushikilia kalenda.

Kuhusu kondoo, baba alikuwa na uhakika wote. "Hiyo alikuwa mukali. Siku moja jirani alituletea mchuzi ya kondoo. Mzee alibeba sufuria mpaka mtoni. Alimwaga. Halafu alisimama pale, aliangalia maji muda mrefu. Sisi tulikaa na njaa."

Nikaamua ni Kongo. Nikachukua gari mpaka njia panda ya Kikorongo, nikasubiri jingine kati ya malori na wauza samaki wa kukaanga, nikafika Bwera na kuteremka hadi soko la mpakani, ambako siku ya soko watu wa Beni na Butembo huvuka na biashara zao. Nilikuwa na mpango wa kisomi. Ningeuliza jina la babu kwa kila mzee, mpaka nimpate anayelijua.

Nililipata jibu kwa mtu wa kwanza kabisa, mama mmoja wa Butembo aliyekuwa akiuza mawese kwenye madumu. Nilimtajia jina. Akacheka mpaka akashika dumu lisianguke.

"Papa, weye unatafuta mutoto ya tatu mwanaume? Ile jina iko ya kila mutu. Ngoja."

Akageuka, akaliita jina la babu yangu kwa sauti ya kuuza mawese. Wanaume sita wakageuka. Mmoja aliyekuwa juu ya lori akaitika "Iko hapa", na mbwa wawili, naapa, wakainua masikio.

Nilitaka kuingia ndani ya dumu. Bila shaka nilijua. Huku kwetu, na kule kwao vilevile, mtoto huitwa kwa zamu aliyozaliwa: wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na jina la babu yangu lilisema tu kwamba ana kaka wawili. Nimelibeba jina hilo kichwani miaka yote kama hati ya kiwanja, kumbe ni namba ya foleni.

Yule mama aliniona nilivyonyong'onyea, akanipa ndoo nikalie.

"Hata sisi tuko na mutu alienda Kilembe," akasema. Hakucheka tena. "Ndugu ya tate wangu, baba yangu. Alienda na hakurudi. Mama yake alikuwa anamuwekea chakula kwa sahani yake, kila Krismasi, mpaka mama akakufa. Wako alikuwa aje? Wetu alikuwa anakosa kidole. Hiki hapa, ya mkono wa kushoto."

Nikampigia baba simu hapo hapo, mama wa Butembo akasogeza sikio.

"Baba, mzee alikuwa na vidole vingapi?"

"Vingapi namna gani?"

"Vya mikono. Hesabu."

"Kumi. Vyote alivitumia kunichapa."

Mama yule alichukua kitambaa, akapangusa dumu ambalo halikuwa na uchafu. "Basi si yeye," akasema. Kisha akaniuliza kama tuliwahi kumsikia Kilembe mtu aliyekosa kidole. Nikasema nitauliza. Nimeuliza, hadi leo bado nauliza.

*

Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyekwenda Butembo kwa magoti. Nikamweleza baba yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na Biblia yake, na ndani ya Biblia akatoa kadi ya ubatizo, yake mwenyewe, ya utotoni. Pameandikwa kwa wino uliopauka: baba yake mtoto, lile jina la wa tatu, na mbele yake, *wa Mahango*.

Mahango. Ipo hapo mlimani. Ukisimama penye upepo mzuri unaweza kupiga chafya na mtu wa Mahango akakutakia afya.

"Baba. Kwa nini hukunionyesha?"

"Hukuuliza kadi. Uliuliza alitoka wapi."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu. Niliporudi, yeye alikuwa amekwisha kulala.

Kesho yake nilipanda Mahango kwa bodaboda. Dereva aliniteremsha mara mbili njiani nitembee, kwa maelezo kwamba pikipiki ni yake na mimi ni mnene. Niliuliza nyumba hadi nyumba, nikionyesha kipande changu cha bati, kama anayeomba kura. Nyumba ya tano au ya mia tano, mzee mmoja alikuwa anachagua kahawa juu ya turubai, na dada yake mkubwa, bibi mdogo wa umbo mwenye macho makali, alikuwa amekaa karibu naye akimkosoa. Mzee ni askari mstaafu. Kiswahili chake ni cha jeshini, kila neno limesimama wima.

"Sema shida."

Nikasema. Akachukua kipande, akakisogeza machoni, akakigeuza. Akanirudishia, akainamia kahawa yake. Dada yake ndiye aliyenitazama, kisha akainuka, akanishika masikio yote mawili, akayavuta kuelekea kwenye mwanga.

"Haya ni masikio ya baba," akasema kwa Lhukonzo, lugha ya milimani. "Baba alikwenda Kilembe. Nilijua siku zote alikuwa na mke mwingine huko. Mama alinificha, lakini nilijua." Kisha akaniuliza, taratibu, kama daktari: "Kondoo unakula?"

"Sili. Hatujawahi."

Alipiga vigelegele vilivyowatoa watu mashambani. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa. Nilikumbatiwa na watu wenye matope, na watoto, na mama mmoja mwenye jogoo mkononi ambaye hakumweka chini. Mbuzi akachinjwa. Nikaambiwa ukoo wangu. Nikaambiwa jina la baba wa babu yangu, na la baba yake, na la baba yake tena. Nikaonyeshwa kaburi na migomba yake. Nilikaa pale nikilia machozi makubwa kama ya ng'ombe, mtu mzima mwenye cheti. Miaka hamsini na mitatu nilikuwa mtu wa nyumba namba fulani, na ndani ya saa moja nimepewa mababu watatu wenye majina.

Nikajitenga kidogo, nikampigia binti yangu.

"Tuna ukoo," nikamwambia. "Tuna watu. Wamenichinjia."

"Ukoo gani?"

Nikautaja. Nikasikia cherehani yake ikisimama.

"Baba," akasema, "huo ndio wao."

"Wao nani?"

"Wa kwake. Aliniapisha nisikwambie, ili wazee wasije wakasema tumepika jibu. Kwa hiyo mimi ni dada yake."

Kwa furaha ya kupatikana nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilipanda mlima ule kutafuta ukoo wowote duniani isipokuwa huo. Vigelegele vya bibi vilikuwa vimenitangazia kila kitu tangu mwanzo, nami nikavipokea kwa mikono miwili, nikala na ini. Binti yangu akasema ana nguo ya mteja ya kumalizia, akakata simu.

Yule mzee askari alikuwa akinitazama kutoka mlangoni mwa ghala la kahawa. Akaniita kwa kidole.

"Ingia. Funga mlango. Kaa."

Nikakaa juu ya gunia.

"Simu ilisema nini?"

Nikamweleza: binti, kijana wa Bwera, kondoo, baba yangu na mdomo wake. Akasikiliza mikono ikiwa mgongoni.

"Ilikuwa nisiseme," akasema. "Dada yangu amefurahi. Tangu bwana yake akufe sijamwona hivyo. Nikasema, acha, watu kuongezeka si vita. Lakini sasa iko mtoto ndani ya hii mambo. Nitasema. Baba yetu alifanya kazi Kilembe siku tatu."

"Babu alifanya miaka thelathini."

"Ndiyo. Babu yako. Baba yangu, siku tatu. Mimi nilimwona na jembe hapa maisha yake yote. Dada aliolewa mapema, Kikorongo, haelewi mambo."

Ikawa hivi. Baba yake mzee aliandikishwa mgodini na wazungu, akapewa kipande, akaingizwa ndani ya mlima. Siku ya tatu taa zilizimika kule ndani, na alipotoka alisema yeye harudi tena, hata wamfunge. Katika chumba cha kambini alikuwa analala na mgeni, mtu aliyevuka kutoka upande wa Kongo, akakuta orodha ya kazi imejaa na hana pa kurudi. Basi wakabadilishana. Mgeni alipewa kipande, na pamoja na kipande jina, na pamoja na jina Mahango, baba wa nani, mjukuu wa nani, ukoo gani. Baba wa mzee huyu akapewa blanketi.

"Blanketi ile mimi nimelalia," akasema mzee. "Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mistari."

"Na kondoo?"

Hapo kwa mara ya kwanza alicheka, cheko fupi la gwaride.

"Hiyo ndiyo ilileta kelele. Chumba kimoja, chungu kimoja. Jioni ya kwanza, baba yangu anatoka kazini, anakuta huyo mutu amepika kondoo ndani ya chungu yake. Anakula. Analamba mpaka mifupa. Baba alitupa chungu. Baadaye, siku ya kubadilishana kipande, alimwambia: nyampara wote ni watu wa huku, wanajua ukoo yangu. Wakikuona na kondoo, watajua wewe si mimi, watakufukuza. Kwa hiyo kutoka leo, kondoo, hapana. Huyo mutu aliapa."

Nilikaa juu ya lile gunia la kahawa nikihesabu. Sikukuu zote ambazo jirani zetu Waislamu walituletea sahani na sisi tukazirudisha kwa adabu. Harusi. Misiba. Safari ile ya shule ya jioni ambayo kulikuwa na kondoo wa kuchoma tu na mimi nikala vitunguu. Nimekataa kondoo wa kutosha kujaza uwanja wa mpira na jukwaa la wageni. Nilikataa kwa majivuno, nikisema ni damu, kumbe ilikuwa ni sharti la kazi.

"Alitoka wapi?" nikauliza.

"Upande ule."

"Upande ule wapi? Kijiji gani? Alikuwa nani?"

Mzee alinitazama kama mtu anayemtazama kuruta.

"Kijana, baba yangu aliuza jina. Hakununua."

*

Haikutosha mimi kujua. Ilibidi wazee wa Bwera wajue, na wasingemwamini baba wa bibi arusi anayekuja na hadithi inayomfaa. Nikamwomba yule mzee ateremke nami akashuhudie. Fikiria ombi lenyewe: umenichinjia mbuzi Jumanne, tafadhali njoo Jumamosi ukawaambie watu kwamba sikuhusu. Akasema, "Sawa." Dada yake alikataa kuja. Alisema masikio ni masikio, na aliponiaga alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee "kaka yangu", yaani baba.

Jumamosi tukakaa sebuleni kwa baba mkubwa wa kijana, Bwera, nyumba yenye sofa zilizofunikwa vitambaa vilivyofumwa. Yule mzee askari alivaa koti lake la zamani la jeshi, amelipiga pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Kijana alikuwa amekaa pembeni, hakuinua macho. Binti yangu hakuruhusiwa kuwapo, lakini nilijua yuko jikoni kwa shangazi wa kijana, kwa sababu jiko zima lilikuwa kimya.

Mzee akasimulia. Siku tatu, taa, kipande, blanketi. Baba mkubwa alisikiliza kofia ikiwa chini juu ya macho.

"Nimeelewa," akasema. "Huyu si damu ya Mahango. Lakini ule mugeni mwenyewe alitoka upande wa Kongo, na hata kule ukoo yetu iko. Tunajuaje hakuwa wetu?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo njiani mara ishirini, kwa mpangilio wa kisomi. Mzee akaniwahi.

"Alikula kondoo."

"Ulimwona?"

"Baba yangu alimwona."

"Labda alikuwa na njaa. Mutu akiwa na njaa anaweza kusahau."

"Mwenye njaa anakula haraka, anaona haya," akasema mzee. "Huyu alilamba mifupa, akamkaribisha na mwenye chungu. Chungu ilitupwa. Mama yangu alikuwa analia hiyo chungu mpaka anakufa."

Baba mkubwa alivua kofia. Sikuwahi kudhani chini yake kuna kichwa cha kawaida namna ile.

"Basi si wetu," akasema.

"Si wenu," akasema mzee. "Na si wetu."

Kila mtu sebuleni akapumua. Wakaanza kuongea kwa mpigo, mtu mmoja akacheka, kijana akafunika uso kwa viganja. Ilikuwa habari njema, ndiyo niliyoisafiria, na mimi peke yangu nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Nilikwenda kuuliza mimi ni nani. Nimezunguka mpaka mpakani na mpaka mlimani, na jibu lote nililopewa, mbele ya mashahidi, ni orodha ya watu ambao mimi si wao. Mzee askari, wakati akiyasema yale maneno, alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti langu, na hakuutoa mpaka chai ikaletwa.

Binti yangu ndiye aliyeleta chai. Alimpa mzee kwanza, kwa magoti, kisha wengine, kisha mimi.

"Sasa baba utaanza kula kondoo," akaniambia kwa sauti ya chini, akitania, macho bado mekundu.

"Na wewe?"

"Mimi naolewa huku. Nitaendelea vile vile."

Ndivyo ilivyo. Watoto wake hawatakula kondoo, na kwao itakuwa haki yao, ya baba yao na babu zao. Ule mwiko ambao babu yangu aliazima pamoja na kipande umepata mwenyewe katika nyumba yetu.

Nilifika Kilembe nikamkuta baba barazani. Nilimpa ndizi za dada wa Mahango, nikamweleza zilikotoka, akazishika muda mrefu kuliko ndizi zinavyohitaji kushikwa. Nikamsimulia yote. Nilitegemea acheke, au akasirike, au walau aseme nilipoteza muda.

"Kwa hiyo alitoka wapi?" akauliza.

"Hatujui."

"Ukoo?"

"Hatujui."

"Jina lake lenyewe?"

"Baba, hatujui. Tunajua alikuja na blanketi la mistari, na alikuwa anapenda kondoo."

Akatazama upande wa mto, pale jiko letu la zamani lilipokuwa.

"Alilamba mifupa?" akauliza.

"Mzee alisema hivyo. Mpaka mifupa."

Nyamwamba ulikuwa mdogo siku ile, maji ya kufika kifundo tu.

"Ule mchuzi ya jirani," akasema mwishowe. "Nilisema alisimama pale muda mrefu, anaangalia maji. Mimi nilidhani amekasirika."